Chuo cha kuimba kinamkataaje mtu anayejua kuimba?

Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yetu hapa Moshi ilirushwa video ya binti wa Kimarekani akifungua barua pepe ya chuo alichoomba sebuleni kwao, wazazi wakiwa nyuma yake. Anasoma mstari wa kwanza, anafunika uso kwa viganja, analia. Hajachaguliwa. Sekunde chache kabla ya hapo video hiyohiyo inamwonyesha akiimba, na anaimba kweli: sauti imetulia, pumzi haimwishii, maneno yanasikika moja moja. Mjadala ukawaka siku mbili. "Chuo cha kuimba kinamkataaje mtu anayejua kuimba?" aliuliza mmoja. Wengine wakasema ni rushwa, wengine wakasema ni ubaguzi. Mzee mmoja wetu wa besi, ambaye kundini huwa haandiki kitu zaidi ya salamu za Jumapili, akauliza: "Hivi hicho wanachosomea ni nini hasa?"

Swali la mzee ndilo la kuanzia, nami nina sababu ya kulijibu. Binti wa dada yangu, aliyeko kidato cha sita, anataka kusomea hichohicho: tamthilia ya muziki. Dada alinipigia simu kutoka Arusha, sauti iko juu: "Kaka, mtoto anasema anataka kwenda chuo kikuu kusomea kucheza. Wewe ndiye uliyempeleka kwaya, sasa zungumza naye." Nimezungumza naye, nimesoma, nimeuliza wanaojua. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kitu chenyewe

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambamo hadithi moja inasimuliwa kwa maneno, nyimbo na dansi, na ukitoa kimojawapo hadithi inakatika.

Waliowahi kuangalia vikundi kama Muungano au TOT miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi usiku mmoja ulivyobeba ngoma, sarakasi, kichekesho na taarabu. Lakini kila kimoja kilisimama peke yake. Kichekesho kikiisha, taarabu inaanza, na wimbo wa taarabu hauna habari na yule mume aliyefumaniwa kwenye kichekesho. Kwenye tamthilia ya muziki, mume huyohuyo angefumaniwa, angekosa la kusema, na palepale angeanza kuimba. Wimbo ukiisha ameshaamua kuomba radhi, au ameshaamua kuondoka. Yaani wimbo umesogeza hadithi mbele. Wenye fani husema kwamba mhusika huimba pale maneno yanapomwishia, na hucheza pale wimbo nao unapomwishia.

Wengi wetu tunaijua filamu ya katuni ya The Lion King. Toleo lake la jukwaani lilifunguliwa Broadway Novemba 1997 na bado linaendelea. Na hapa tuondoe mkanganyiko mmoja: Broadway si kampuni wala si jengo. Ni jina la mtaa wa New York ambalo sasa linatumika kwa kumbi 41 za maonyesho za Manhattan, kila moja ikiwa na viti 500 au zaidi. Kumbi hizo kwa kawaida hufanya maonyesho manane kwa wiki. Nawaomba wanakwaya wenzangu waitafakari hesabu hiyo. Sisi tukiimba ibada mbili za Jumapili, mazoezi ya Jumatano nusu ya sauti ya kwanza inalalamika koo.

Ndiyo maana ikawa somo la chuo. Kuimba juu ya kucheza, kucheza huku unaigiza, usiku baada ya usiku bila kuumia, si jambo ambalo kipaji peke yake kinalimudu. Huko Pittsburgh, Marekani, chuo ambacho leo kinaitwa Carnegie Mellon kilianza kutoa shahada ya drama mwaka 1914. Shahada za tamthilia ya muziki yenyewe zilifuata baadaye sana. Chuo cha muziki cha University of Cincinnati kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa kawaida ni miaka minne, na takribani theluthi mbili ya masomo ni kazi ya vitendo: sauti, uigizaji, dansi. Theluthi iliyobaki ni madarasa ya kawaida ya chuo kikuu, historia na lugha na mengineyo.

Mchujo unavyokwenda

Vyuo vinavyogombewa zaidi hupokea waombaji wanaoweza kupita 1,000 kwa nafasi ambazo mara nyingi hazifiki 25. Kwa hiyo hawawezi kumwita kila mtu. Mwombaji huanza kwa kutuma video: nyimbo mbili zinazotofautiana, kila moja kama sekunde 60 hadi 90, vipande vya maneno ya mhusika kutoka kwenye tamthilia, na dansi. Vyuo vingi pia hutoa nafasi ya video huru, ambayo mwombaji anaonyesha chochote kinachomtambulisha. Wengi huangukia hatua hii.

Wanaobaki wanaitwa kwenye usaili wa ana kwa ana. Kila mwaka, kati ya Januari na Februari, vyuo vingi hukusanyika kwenye hoteli na kumbi za miji mikubwa kama New York na Chicago ili kijana asilazimike kuizunguka nchi nzima. Mtu anaweza kusailiwa na vyuo vitatu kwa siku moja. Aliyewahi kufika kwenye mashindano ya kwaya ya jimbo anaijua hali hiyo: kila kona kuna mtu anapasha sauti, kila ukuta una mama aliyeshika chupa ya maji na mkoba. Tofauti ni kwamba sisi tunaingia arobaini, tumeshikana, na mwalimu yuko mbele. Yule anaingia peke yake. Anasema jina lake, anampa mpiga piano karatasi, anaonyesha mapigo, anaimba baa 32 au hata 16, yaani kipande tu cha wimbo. Dakika tatu nne, basi. "Asante sana."

Sasa tuje kwenye swali la kundini. Sisi tunadhani usaili huu ni kama Bongo Star Search: wapange kwa ubora, wa kwanza hadi wa ishirini, waliobaki warudi nyumbani. Sivyo. Ni kazi ileile ninayoifanya Januari ninapopokea wanakwaya wapya.

Tuseme kwaya yangu ina watu 24, na mwaka huu teno wawili wamehamia Dodoma. Wanakuja vijana 40 kuomba. Kati yao, 15 ni wasichana wa sauti ya kwanza, na sita kati ya hao wanaimba kuliko yeyote niliye naye. Nitachukua nani? Nitatafuta teno wawili. Labda nitamchukua na mmoja wa wale sita, kwa sababu sauti yake inachanganyika na za wenzake. Watano watarudi nyumbani wakiwa na sauti nzuri kuliko teno niliowachukua, na nikiwaambia "hamkuchaguliwa" nitakuwa nimesema kweli. Nikiwaambia "hamjui kuimba" nitakuwa nimesema uongo.

Walimu wa vyuo hivyo wanaunda kundi la watu 20 litakaloigiza pamoja kwa miaka minne. Wanahitaji anayeweza kuwa baba na anayeweza kuwa mtoto, sauti nzito na sauti nyembamba, mrefu na mfupi, mcheza baleti wa miaka kumi na mchekeshaji asiyejua kuruka. Zaidi ya hapo, wasichana wanaoomba ni wengi mno kuliko wavulana, ilhali nafasi mara nyingi hugawanywa karibu sawa. Kwa hiyo msichana wa sauti ya juu anayeimba vizuri, kama yule wa kwenye video, yuko kwenye foleni ndefu kuliko zote. Nimekuwa nikiwaza jinsi tulivyomjadili binti yule siku mbili nzima, kosa lake ni nini, wakati inawezekana kabisa hakuwa na kosa.

Sisemi hakuna upendeleo. Upo, na mkubwa kuliko yote ni fedha. Kijana wa kule aliyelipiwa mwalimu wa sauti tangu ana miaka kumi, mwalimu wa dansi, na mtaalamu wa kumchagulia nyimbo za usaili, hayuko mstari mmoja na mwingine. Wengi huomba vyuo kumi hadi ishirini, na kila ombi lina ada yake, bado nauli na hoteli. Hilo ndilo lingetupasa kulikasirikia kundini.

Ukishaingia

Wengi wanafikiri kilio kinaishia kwenye barua ya kukubaliwa. Wanafunzi wenyewe husimulia vingine.

Siku huanza asubuhi na dansi, mara nyingi baleti, kwa sababu ndiyo inayonyoosha mwili. Kisha jazi, au dansi ya viatu vyenye vibati kwenye soli. Halafu darasa la uigizaji, la kusoma noti na piano, somo binafsi la sauti, masomo ya kawaida ya chuo kikuu. Jioni, wenzao wa uhandisi na uhasibu wanaporudi mabwenini, wao wanaingia mazoezi ya onyesho mpaka saa nne usiku. Mwisho wa muhula kuna mtihani ambao mwanafunzi anaimba mbele ya jopo la walimu, nao wanamwambia ana kwa ana wanachokiona. Zipo programu ambazo zimekuwa na mchujo mwingine wa katikati, kwamba asiyeonyesha maendeleo baada ya mwaka au miwili anaondolewa. Mzazi anayepeleka mtoto aulize hilo mapema.

Halafu kuna orodha. Chuo kikiandaa onyesho, wanafunzi wanasailiwa, na baada ya siku chache inatoka orodha ya nani atakuwa nani. Hapa ndipo penye uzoefu ambao kwaya haituandalii. Katika kwaya, mwenzako wa sauti ya pili akiimba vizuri unafaidika. Wimbo unakubeba na wewe. Chuoni, rafiki unayelala naye chumba kimoja, mnayefanana umbo na sauti, ndiye mnayegombea naye uhusika uleule mwaka hadi mwaka. Umemsaidia kujifunza maneno yake usiku, asubuhi jina lake liko juu na lako liko chini, miongoni mwa waimbaji wa nyuma, au halipo. Saa tatu mnakutana darasani, na mwalimu anawataka mwigize ndugu wanaopendana.

Wanafunzi wana neno wanalolitumia kwa hili: "aina" yako. Wewe ni aina ya mama, au ya rafiki mcheshi, au ya mpenzi. Neno hilo lina faida sokoni, maana anayegawa nafasi ana dakika chache za kukuangalia. Lakini kijana wa miaka 19 akiambiwa mara nyingi kwamba mwili wake ni wa aina fulani, anaweza kuanza kuuchukia. Madarasa ya dansi yana vioo ukuta mzima, na tatizo la vijana kujinyima chakula linajulikana sana katika fani hii. Wanafunzi weusi wana mzigo wa ziada. Mwaka 2020 wanafunzi na wahitimu wengi weusi wa Marekani walijitokeza hadharani kueleza jinsi walivyokuwa wachache darasani, wakipewa nafasi zilezile finyu, wakiambiwa waimbe "kwa hisia" kana kwamba kila mtu mweusi amezaliwa kanisani. Baadhi ya vyuo vimebadilika tangu hapo, si vyote kwa kiasi kimoja. Mtoto wa Moshi anayekwenda huko anatakiwa ajue kabla ya kupanda ndege.

Na kuna koo. Nyimbo nyingi za sasa zinataka sauti ya kifua ipandishwe juu kwa nguvu, ile sauti inayofika ukuta wa mwisho wa ukumbi. Ikifundishwa vizuri haiumizi. Ikilazimishwa, nyuzi za sauti huota vinundu, kama sugu inavyoota kwenye kiganja cha mshika jembe, na sauti inakuwa ya kukwaruza. Tiba kubwa ni kupumzika na kufundishwa upya namna ya kuitoa sauti. Mwanafunzi anayeogopa kupoteza nafasi huficha, huimba juu ya maumivu, na hapo ndipo hali inapoharibika. Hili si la Marekani tu. Nimewaona waimbaji wa mikesha hapa kwetu wakinywa tangawizi na asali kwa wiki nzima badala ya kunyamaza siku tatu.

Pamoja na hayo, karibu kila simulizi niliyoisikia ina kitu kingine ndani yake, nacho ni shauku. Wanasema hawajawahi kujuana na watu kama walivyojuana na hao 20. Darasani umewaona wakilia, wakikosea, wakianza upya. Kuna anayesimulia jinsi alivyokosa uhusika, akapewa kazi ya mbadala, yaani kujifunza nafasi za watu kadhaa ili aingie mmoja wao akiugua, na jinsi alivyojifunza zaidi akiwa pembeni kuliko angekuwa katikati.

Baada ya miaka minne

Kundini kuna aliyeandika kwamba wakihitimu "wanapangiwa Broadway", kama walimu wanavyopangiwa vituo. Hakuna kupangiwa. Mwaka wa nne vyuo vingi hupeleka wahitimu New York kufanya onyesho fupi mbele ya mawakala, wale wanaowatafutia waigizaji kazi, na wagawaji wa nafasi. Kila mmoja ana dakika moja au mbili. Wapo wanaopata wakala jioni hiyo, na wapo wasiopigiwa simu na mtu.

Chama cha waigizaji na mameneja wa jukwaa cha Marekani, Actors' Equity, kilichoanzishwa 1913, kina wanachama takribani 50,000, na wakati wowote ule wengi wao hawako kazini jukwaani. Wahitimu hufanya kazi kwenye kumbi za mikoani, kwenye meli za watalii, kwenye maonyesho ya kuzunguka, wanafundisha watoto, wanahudumu mikahawani huku wakiendelea kusailiwa. Dada yangu aliposikia hivyo alisema, "Si nilikwambia?" Lakini mwanafunzi wa fani hii anahitimu akijua kusimama mbele ya watu, kufanya kazi na watu asiowachagua, kufika saa iliyopangwa na kukosolewa bila kuvunjika. Waajiri wa Arusha, hasa wa utalii, wanalalamika kila siku kwamba vijana hawana hayo.

Dada ana hofu nyingine aliyoitaja kwa sauti ya chini: uhuni. Ni hofu ya wazazi wengi, nami siidharau. Nimemweleza ratiba, kwamba mtu anayetakiwa kwenye baleti asubuhi na mazoezini hadi saa nne usiku hana muda mwingi wa uhuni.

Kutokea hapa

Ada ya vyuo binafsi vya daraja hilo Marekani hupita dola 60,000 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 140, kabla ya chakula na malazi. Bila ufadhili mkubwa, familia yetu haiwezi, na kumficha mtoto ukweli huo ni kumuumiza.

Karibu zaidi kuna Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981, na mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali, TaSUBa. Kinatoa cheti na diploma, na kinafundisha ngoma, muziki na maigizo chini ya paa moja, yaani vilevile vitatu, ila kwa kuanzia kwenye ngoma zetu na si baleti. Kwa mtu wa huku kaskazini, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River kwenye barabara ya Moshi–Arusha, kina shahada ya muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Hakuna kati ya hivyo kilicho nakala ya programu za Marekani, na sioni kwa nini kiwe.

Jambo moja dogo nimeligundua tulipoanza kumwandaa binti, na linawahusu wanakwaya wote wenye ndoto hiyo. Sisi tumelelewa na solfa. Mtoto wangu wa kwaya anasoma d, r, m haraka kuliko anavyosoma gazeti. Lakini mpiga piano kule Chicago ukimwekea karatasi ya solfa hataweza kuipiga. Anataka noti za mistari mitano, na anataka zimeandikwa kwenye ufunguo unaouimba wewe. Mtu anaweza kuvuka bahari akaangushwa na karatasi.

Kwa hiyo tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi baada ya mazoezi, mpiga kinanda wetu anakaa na binti ukumbini wanahamisha wimbo mmoja kutoka solfa kwenda mistari mitano. Ni wimbo wa Kichaga wa mavuno, alioimbiwa na bibi yake, na ameuchagua kwa ajili ya video huru. Fomu ya Bagamoyo nayo ameichukua. Jumamosi iliyopita dada alipanda basi kutoka Arusha, akakaa kwenye benchi la nyuma na mkoba wake mapajani. Binti aliimba mara tatu, na kila mara alikatisha palepale.

"Mbona humalizi?" dada aliuliza. "Mama alikuwa na beti nyingine mbili."

"Nimepewa dakika moja tu, mama."

Dada akafikiri kidogo. "Basi anza na ubeti wa tatu," alisema. "Huo ndio uliokuwa unawafanya watu wasimame."